Barua kwa Mwanaidi: Mwalimu wetu wa hisabati anaondoka

Tanga,
Novemba

Shoga yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na baba watoto na mama mkwe, ambaye Sharifa ameniambia kwamba sasa anatembea mwenyewe bila mkongojo. Sisi huku hatujambo, vuli imeanza kwa kusuasua, na Mama Tatu anakusalimu sana. Ama baada ya salamu, naomba radhi kwa kimya changu cha tangu Idi. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nina jambo linaloninyima usingizi, na katika watu wote niliosoma nao chuo cha ualimu Korogwe ni wewe peke yako uliyetoka darasani ukaenda Chuo cha Mipango Dodoma, kwa hiyo unaweza kulitazama kama mwalimu na pia kama mtu anayeandaa bajeti.

Yule kijana wa hisabati wa shule yetu ya msingi niliyekusimulia amepata mtu wa kubadilishana naye kituo. Barua yake imefika juzi, na Januari anakwenda Morogoro. Anayekuja badala yake ni mwalimu wa Kiswahili, na wa Kiswahili ninao watatu. Kwenye ikama, yaani hesabu ya watumishi, hatujapungukiwa na mtu hata mmoja, na ndivyo nilivyojibiwa nilipokwenda kulalamika: walimu wako walikuwa wanane na watabaki wanane. Lakini wanane hao wana watoto 612, yaani zaidi ya 76 kwa kila mwalimu wakati kiwango cha serikali ni 45, na kuanzia Januari hakuna hata mmoja kati yao aliyesomea kufundisha hisabati.

Nataka nikueleze alivyofika, kwa sababu naamini safari yake ya kuondoka ilianza siku ile ile. Alishuka kwenye barabara ya Horohoro akapanda bodaboda, begi mgongoni na godoro limefungwa nyuma, akafika shuleni saa kumi jioni. Nyumba ya mwalimu hatuna. Wiki ya kwanza alilala stoo, kati ya maboksi ya chaki na majembe, hadi tulipompatia chumba cha kupanga kijijini. Posho ya kujikimu ilichelewa, cheki namba ya kuingizwa kwenye malipo ya mshahara ilichelewa, na mshahara wake wa kwanza aliuona mwezi wake wa tatu kazini. Chakula alikula kwangu, na hilo si kitu, kwani ni kama mdogo wangu. Ila kodi, nauli na sabuni alivikopa kwa mmoja wa wale wakopeshaji wanaobaki na kadi ya benki ya mtu, na deni lile la miezi miwili lilimfuata mwaka mzima. Nilipokuja kufahamu nilimwongezea kutoka kwenye posho yangu ya madaraka, ile Sh 200,000 ya kila mwezi tunayopewa walimu wakuu, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Na bado alifundisha, Mwanaidi. Alinunua machungwa ya Muheza kwa fedha yake akayakata mbele ya watoto ili waone robo na theluthi, kisha wakala somo lao. Watoto waliokuwa wakikimbia kipindi cha hisabati wakawa wanabaki hadi saa tisa chini ya mwembe, wakichora mafumbo mchangani na kubishana.

Nilimwita ofisini nikamuuliza kwa upole kama ni mshahara unaomwondoa. Nilitegemea aseme ndiyo, kwa sababu hata kima cha chini cha watumishi wa umma kilipopandishwa Julai 2025 kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000, walimu wengi walibaki wakipiga hesabu ya nyongeza yao wenyewe itakuwa kiasi gani. Hakusema hivyo. Alisema: "Mwalimu Mkuu, nyumba ningevumilia. Lakini tangu nifike hapa hakuna mtu wa hisabati aliyekaa nyuma ya darasa langu akaniambia hapa umekosea, hapa umefanya vizuri. Naona nitazeeka nikifundisha kwa kubahatisha." Maneno hayo yamenikaa moyoni kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia darasani kwake mara nyingi, lakini mimi ni mtu wa Maarifa ya Jamii na nilichoweza kumwambia ni kwamba watoto wametulia.

Unajua kwamba utaratibu upo. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, hii MEWAKA yetu, yanataka walimu wakutane kila mara katika jumuiya za ujifunzaji, shuleni na kwenye vituo vya walimu, wapange somo pamoja, walifundishe na kulijadili. Ni wazo jema, na pale lilipofanyika sawasawa nimeliona likimbadilisha mtu. Lakini shule yenye mwalimu mmoja wa hisabati haiwezi kuwa na jumuiya ya hisabati, na kituo chetu cha walimu kiko umbali wa bodaboda ya Sh 8,000 kwenda na kurudi. Alikwenda mara mbili kwa fedha yake, na mara ya tatu hakwenda.

Huenda ukaniuliza kwa nini nisingemlipia nauli kutoka kwenye ruzuku. Nimekaa na daftari nikapiga hesabu. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na katika hizo Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayonifikia mimi, kwa watoto 612, ni Sh 3,672,000, yaani Sh 306,000 kwa mwezi, ambazo ni za chaki, mitihani, ukarabati mdogo, michezo na utawala wa shule nzima. Nikitoa nauli ya kila wiki hapo, mtihani wa mwezi nitauchapa kwa nini?

Kinachoniumiza ni kwamba fedha zimekuja, na nyingi. Kupitia mradi wa BOOST peke yake nchi ilikopeshwa na Benki ya Dunia dola milioni 500 kwa elimu ya msingi, na madarasa 12,000 yalipangwa kujengwa. Sisi tulipata mawili, mazuri, yenye marumaru sakafuni. Sisemi yasingejengwa, kwa kuwa watoto wetu walikuwa wakisomea chini ya mwembe si kwa hisabati bali kwa kukosa paa. Hata hivyo, moja kati ya madarasa hayo mawili limefungwa kwa kufuli mwaka huu wote, kwa kuwa hakuna mwalimu wa kuingia humo. Mkaguzi anapokuja, darasa lile linahesabika kuwa limekamilika. Lakini fedha za kumpokea mwalimu na kumkalisha hazina mahali pake kwenye jedwali lolote ninalopewa kujaza, na nimeanza kuamini kwamba ndiyo maana hazitoki.

Ninamfikiria sana marehemu baba siku hizi. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa darasa la saba waliochukuliwa kuwa walimu wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, akawa anafundisha huku anasomeshwa, na watu walimcheka kwamba ni mwalimu wa kuungaunga. Lakini kijiji kilimpa nyumba ya udongo siku aliyofika, kikampa na kishamba cha mihogo, na mwalimu wa chuo alikuwa akija kukaa darasani kwake na kumrekebisha. Alikaa kijiji kile miaka 31. Kijana wangu ana shahada, na amekaa miezi 22.

Wanakijiji wa hapa si wabaya kuliko wale. Wamefyatua matofali na kuinua boma la nyumba ya walimu, mbili kwa moja, hadi kwenye lenta. Limesimama bila bati mwaka wa pili sasa na mvua hii inalila. Wao pia ndio wanaochanga Sh 60,000 kwa mwezi kumlipa binti mmoja aliyemaliza stashahada pale pale Korogwe, anayejitolea darasa la kwanza wakati akisubiri majina baada ya usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Akiitwa, sina hakika kwamba atapangiwa hapa. Huenda akapelekwa mbali, alale stoo ya mtu mwingine.

Nimesoma kwamba Gambia walianza mwaka 2006 kumwongezea mwalimu wa shule za pembezoni zilizo mbali na barabara kuu kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara wake, na walimu waliosomea wakaanza kuomba wenyewe kupangwa huko. Natamani kwetu iwe hivyo, lakini ulikwisha kuniambia siku ile ya Idi kwamba mishahara ni ya Hazina na halmashauri haina mkono hapo. Nimekuelewa. Kwa hiyo ninachokiomba si mshahara. Naomba unisaidie kuandika andiko la kupeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ili liingie kwenye bajeti ya mapato ya ndani kabla ukomo wa bajeti haujafungwa: boma likamilishwe, pawepo na fungu dogo la kumkopesha mwalimu mpya kodi na chakula cha miezi miwili bila riba, alirudishe mshahara ukitoka, na shule tano za kata yetu zichangiwe nauli ili walimu wa hisabati wakae pamoja mara mbili kwa mwezi, darasani kwa mmoja wao, si ukumbini.

Nina haraka kwa sababu nyingine pia. Watoto walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wa darasa la saba, kwa hiyo Januari 2028 mikondo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Sekondari zitatafuta walimu wa hisabati kila kona, na wenye shahada walioko msingi ndio watakaoonekana kwanza. Kama sijapata cha kuwashikilia wangu kabla ya hapo, nitabaki na kufuli mbili badala ya moja.

Sasa niambie, shoga yangu: fungu la kukopesha walimu linaweza kupitishwa kwenye mapato ya ndani, au mkaguzi wa hesabu atalikataa? Ninyi huko Bagamoyo mliwahi kukamilisha maboma ya nyumba za walimu, au madarasa ndiyo hupita mbele kila mwaka? Nianze na boma, ambalo diwani anaweza kulionyesha, au nianze na nauli, ambayo ni fedha kidogo na ndiyo aliyoililia kijana? Je, niandike miezi 22 na jinsi alivyolala stoo, au mambo hayo hayaandikwi kwenye andiko? Na yule mwenzako aliyekuwa afisa elimu taaluma bado yupo, aweze kulisoma kabla sijalipeleka?

Kamati inakaa tarehe 8 Desemba. Nitumie majibu kwa simu hata kama ni vipande vipande, nami nitayanakili. Kijana anaondoka tarehe 20. Ameniomba funguo ya lile darasa lililofungwa ili wiki zake za mwisho awafundishe darasa la tano na la sita pamoja jioni, nami nimempa.

Nisalimie watoto wote, na mama mkwe kwa namna ya pekee.

Wako,
Rehema