Kamera hazichapi kazi, na Hawthorne haikusema hivyo

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile makala ya ukurasa wa kati, iliyosifu ofisi zinazofunga kamera na mashine za alama za vidole, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu anatuambia kwamba mtumishi akijua anaangaliwa huchapa kazi zaidi, na ushahidi wake ni majaribio ya Hawthorne: taa zikaongezwa, kazi ikapanda, taa zikapunguzwa, kazi ikapanda tena. Hii ni hadithi ya kila semina ya menejimenti hotelini, husimuliwa kati ya chai ya saa nne na picha ya pamoja. Shida yake ni kwamba husimuliwa nusu.

Hawthorne kilikuwa kiwanda cha kampuni ya Western Electric huko Cicero, pembeni ya Chicago, kilichotengeneza vifaa vya simu. Majaribio ya taa yalifanyika kati ya 1924 na 1927. Takwimu zake zilidhaniwa zimepotea, hadi wachumi Steven Levitt na John List walipozichambua upya na kuchapisha matokeo 2011. Kumbe taa zilikuwa zikibadilishwa Jumapili. Jumatatu kazi ilipanda, ndiyo, lakini Jumatatu ilipanda hata katika wiki ambazo hakuna aliyegusa taa. Basi.

Jaribio lililoipa Hawthorne umaarufu ni lile la chumba cha rilei, lililoanza Aprili 1927. Wasichana watano wa kuunganisha swichi ndogo za simu, pamoja na mwenzao wa kuwapangia vipande, walitengwa katika chumba chao. Kadiri miezi ilivyokwenda uzalishaji ulipanda, mwishowe kwa kiasi cha asilimia 30. Waliangaliwa? Waliangaliwa sana. Lakini wiki chache baada ya kuingia humo malipo yao pia yalibadilika: awali ziada ilikokotolewa kwa kundi la watu kama 100, sasa ikakokotolewa kwa kikundi chao kidogo, kwa hiyo aliyeongeza bidii aliiona kwenye bahasha yake mwenyewe. Wakapewa mapumziko, ya dakika 5 kwanza, kisha ya dakika 10. Kwa kipindi fulani wakaruhusiwa kutoka nusu saa mapema. Na Januari 1928 wawili kati yao, walioonekana wasemaji na wakaidi, waliondolewa wakaletwa wawili wenye kasi zaidi. Ukibadili malipo, saa, mapumziko na watu wenyewe kwa pamoja, huwezi kusimama ukadai kilichofanya kazi ni macho ya msimamizi. Mtetezi wa makala atanitajia chumba kingine cha Hawthorne, cha kupasua mika (madini ya kuzuia umeme), ambako malipo hayakuguswa na kazi ilipanda. Sawa, lakini hata huko walichoongezewa ni mapumziko. Hakuna popote walipoongezewa mnoko.

Sasa tuje kwenye chumba ambacho wahadhiri wa hotelini hawakitaji kamwe. Novemba 1931, katika kiwanda hichohicho, wanaume 14 waliwekwa chumba kimoja: 9 wa kufunga waya, 3 wa kulehemu, 2 wakaguzi. Mtazamaji akakaa humohumo na daftari lake, kila siku ya kazi, hadi Mei 1932. Kama kuangaliwa kunaongeza kazi, hapa ingepanda. Haikupanda! Wenyewe walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba mitambo miwili ya simu kwa siku inatosha, kama ncha 6,600 za waya, wakati kiwanda kilitaka 7,312. Aliyezidisha aliitwa kiherehere, akapigwa ngumi ya begani. Aliyepunguza mno aliitwa mtegaji, naye akaipata yake. Aliyemsemea mwenzake kwa bosi alitengwa. Waliomaliza mapema hawakuripoti yote. Walibakiza akiba ya kufidia siku mbaya, ili kwenye karatasi kila siku ifanane na jana. Na yule aliyezalisha kidogo kuliko wote kati ya wafunga waya ndiye aliyeongoza mtihani wa akili, na alikuwa wa tatu kwa wepesi wa mikono! Hawa hawakuwa wavivu. Walilipwa kwa kundi, kwa hiyo kwa hesabu ya mhasibu kila aliyezidisha alimnufaisha mwenzake. Lakini walihofia kwamba wakivuka mstari, kiwango kitapandishwa, malipo kwa kila kipande yatashuka, na wasio na kasi watapunguzwa kazini. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu wakiachishwa kila upande. Sisi huku tuna jina la jambo hili, mgomo baridi, na kila mkuu wa kitengo aliyekaa na watu analijua. Huo mstari wa kundi hauonekani kwenye kamera, kwa sababu kamera inaona watu 14 wameinama wanafanya kazi.

Ndiyo maana mashine ya vidole huzalisha mahudhurio tu. Mtumishi anabonyeza saa moja na nusu asubuhi, anakwenda kunywa supu, anarudi kukaa mbele ya skrini, na saa tisa na nusu alasiri anabonyeza tena. Ripoti inatoka safi. Faili la mwananchi liko palepale. Watu huhamishia juhudi kwenye kile kinachohesabiwa, na ukihesabu makalio kwenye viti utapata makalio kwenye viti.

Na nikiwa hapohapo, niseme na juu ya haya madodoso ya "siri" ya kupima ari ya watumishi. Nimeona moja la taasisi ya umma nisiyoitaja. Halikuuliza jina. Liliuliza kitengo, jinsia, rika, kiwango cha elimu na miaka kazini. Kitengo chenyewe kilikuwa na watu saba, na mwanamke mmoja tu aliyezidi miaka 50. Siri ipi hiyo? Yule mama akaweka alama ya "nakubaliana kabisa" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, na ripoti ikasema ari iko juu. Anayejua kazi hii hachapishi matokeo ya kundi lenye watu chini ya watano, hukusanya fomu kupitia mtu asiye wa ofisi hiyo, na huuliza juu ya tukio mahususi: mara ya mwisho ulipotoa taarifa ya kosa, nini kilifuata? Swali la "je, unaridhika na uongozi?" ni la kumuuliza mgeni rasmi.

Ofisi inayotaka kweli kujua kama kamera zinasaidia ichague vitengo viwili vinavyofanana. Ihesabu mafaili yaliyofungwa, pamoja na yaliyorudishwa kwa makosa, wiki nane kabla ya kugusa chochote. Kisha ifunge kamera upande mmoja tu, ianze Jumatano, na kwa wiki nane nyingine isimhamishe mkuu wa kitengo, isiguse posho wala isihamishe madawati. Baada ya hapo ilinganishe vitengo vyote viwili. Inahitajika kalamu na daftari la mistari.

Na kama zabuni ya kamera imeshalipwa, hakuna haja ya kuzitupa. Moja ifungwe kwenye chumba cha vikao vya menejimenti, ihesabu dakika kati ya saa iliyoandikwa kwenye mwaliko na saa mwenyekiti anapoingia, ikizidisha kwa idadi ya watumishi wanaomsubiri na mafaili mapajani. Takwimu hizo mzichape kila Jumatatu ukurasa wa kati, palepale mlipoiweka ile makala.

Mwalimu wa menejimenti,
Morogoro