Pikipiki kuukuu: ulizeni kadi na fremu kabla ya injini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuzungumzie pikipiki kuukuu zilizolala nyuma ya maghala, kwenye kambi za miradi iliyokwisha na chini ya miembe, hasa Honda CG125. Ikiwa na bahati, hununuliwa na kijana anayependa vitu vya zamani. Ikikosa, hupimwa kwa kilo na kwenda na vyuma chakavu. Kote kuwili uamuzi hufanywa kwa swali moja tu: "Inawaka?" Kwa CG, hilo ni swali la mwisho, kwa sababu injini ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote kuirudisha.

Sababu iko barabarani kila siku. Honda waliitoa CG mwaka 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na oili huchelewa kubadilishwa. Kemu (shafti inayofungua valvu) waliishusha kutoka juu ya silinda hadi chini karibu na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ikawa inasukuma valvu kwa fimbo mbili. Muundo huo ulinakiliwa China, na ndio uliomo ndani ya pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 zinazofanya bodaboda. Kwa hiyo pistoni ya milimita 56.5, ringi, valvu, gasketi na sahani za klachi zinapatikana karibu kila duka la spea. Boxer na TVS hazimo katika ukoo huu. Kemu zao ziko juu, na muuzaji anayesema "zote moja tu hizo" ama hajui au anataka kufunga duka mapema.

Sasa kadi ya usajili. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo, pale usukani unapozungukia, na namba ya injini iko chini kwenye ubavu wa injini. Safisha kwa petroli na brashi, usitumie msasa, kisha soma herufi moja moja ukilinganisha na kadi. Sehemu iliyosagwa, au herufi zilizopinda mstari, ziwe sababu ya kuondoka. Kama aliyeandikwa kwenye kadi amefariki, mwenye uwezo wa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mjukuu aliyeikuta ghalani. Na ukifikiria kuweka injini nzima ya Kichina, kumbuka namba ya injini haitalingana tena na kadi. Pita TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kwanza, fundi baadaye.

Fremu huchunguzwa bila tangi wala kiti. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia shingoni hadi mwisho. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Sehemu zinazooza kwanza ni kitako cha betri, kwa sababu ya asidi, na maungio ya chini yanayokusanya tope. Kwa pikipiki za Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, chumvi ya bahari huanza kula ndani ya bomba kabla rangi ya nje haijabanduka. Bisibisi ikizama, usijidanganye kwa kiraka. Nyufa chini ya shingo huweza kuonyesha ajali ya uso kwa uso. Weka mbao mbili zilizonyooka ubavuni mwa magurudumu, moja kila upande. Gurudumu la mbele likiwa sawa katikati na bado mbao zinaonyesha pengo kubwa upande mmoja, fremu au mkono wa tairi la nyuma umepinda. Mabomba ya shokapu za mbele yavingirishe juu ya kioo. Yakiruka, yamepinda. Yakiwa na vishimo vya kutu pale sili inapopita, kila sili mpya itavuja baada ya wiki chache.

Kinachoamua gharama ni vitu ambavyo halisi yake ni shida kupatikana madukani: tangi, vifuniko vya ubavuni, kifuniko kizima cha cheni, spidomita. Tangi halisi lisilotoboka lina thamani kuliko injini inayowaka. Likiwa na kutu ndani, tia siki na konzi ya nati ndogo, litikise, liache usiku mzima, limwage, suuza kwa maji yenye magadi ili asidi iishe nguvu, kausha papo hapo kisha pakaa oili. Kulichomelea bila kulijaza maji kwanza ni kucheza na bomu, hata kama limekaa tupu miaka mitano.

Injini iliyokwama isipigwe kiki kwa hasira. Gia ya kiki huvunjika meno, na kasha la injini linaweza kupasuka. Toa plagi, mimina kwenye tundu lake dizeli na oili nusu kwa nusu, kama mililita 30, ngoja siku mbili au tatu. Kisha ingiza gia kubwa kabisa na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma. Isipokubali, fungua hedi na silinda. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ikicheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, ila ikicheza juu na chini, hata kidogo, krenki imekwisha na hesabu yako ibadilike. Ingiza ringi ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia). Ukizidi milimita 0.5 hata kwa ringi mpya, silinda imetanuka na inahitaji kuchongwa kwa pistoni ya saizi inayofuata, iliyozidi ya mwanzo kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00.

Kabla ya kuiwasha, ondoa kifuniko cha upande wa klachi na usafishe kikombe kinachozunguka mwisho wa krenki. Ndicho chujio la oili, na kwenye injini iliyotelekezwa hujaa tope jeusi zito kama grisi. Mafundi wengi hawakigusi kabisa. Tia oili mpya, karibu lita moja, piga kiki mara ishirini plagi ikiwa nje, hadi uone unyevu kwenye valvu. Mwanya wa valvu ni milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi. Kutikisa kwa vidole na kusema "hapo sawa" ndiko kunakounguza valvu ya moshi. Kabureta isichokonolewe kwa waya. Jeti ndogo ikitanuka, pikipiki itakunywa petroli na kuzimika taratibu za chini. Unywele wa fagio la nailoni unatosha.

CG za mwanzo zina umeme wa volti 6 na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche). Mwanya wake ni milimita 0.3 hadi 0.4, na pointi zianze kufunguka alama ya F ya kwenye rota (sumaku inayozunguka) inapofika kwenye mstari. Wengi huhamia CDI (mfumo wa cheche usio na pointi) ya volti 12 ya Kichina. Haikatazwi, mradi ununue seti nzima (rota, koili, kisanduku, regyuleta na balbu) na ujaribu rota kwenye koni ya krenki kabla ya kulipa. Rota isiyokaa barabara hukata ufunguo wake (kipande cha chuma kinachoishikilia kwenye krenki) siku ya kwanza ya mlima.

Haya yote ni ya CG. Yamaha DT175 na AG100, ambazo huchanganya oili na petroli, ni kesi nyingine. Zikikaa miaka, sili za krenki hukauka. Ya upande wa magneti huvuta hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inashika. Ya upande wa klachi huvuta oili ya gia, na moshi mweupe haukomi. Badilisha zote mbili hata kama inawaka vizuri. Na mpaka uhakikishe pampu ya oili inasukuma, changanya mililita 40 kwa kila lita ya petroli.

Matairi msiyatazame meno. Tazameni tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 1409 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2009. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya 2000, na kazi yake iliyobaki ni kusukumia pikipiki hadi kwa fundi.

Fremu ikienda kupigwa rangi, bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya namba. Rangi nene ikijaza zile herufi, trafiki hatazisoma, na utaelezea kituoni.

Mafundi pikipiki,
Morogoro.