Jim Hall hasikiki kwenye sabufa

Mhariri,

Vijana wanaojifunza gita hapa Mbeya wakiambiwa wamsikilize Jim Hall, mpiga gita wa jazz wa Marekani, wengi hurudi wakisema mzee huyo hapigi kitu. Siwalaumu. Nyimbo wamejaziwa kwenye memori kadi pale Mwanjelwa, zimebanwa hadi zimekonda, halafu zinafunguliwa kwenye sabufa yenye besi iliyopandishwa mwisho. Gita la Hall halina makelele. Besi ikivimba, linamezwa lote.

Zimeni hiyo besi ya nyongeza, vaeni hedifoni, kisha anzeni na albamu yake Undercurrent ya mwaka 1962. Humo wamo wawili tu, yeye na mpiga piano Bill Evans. Hakuna mpiga besi, hakuna mpiga drams. Kwenye My Funny Valentine, Evans akishika solo, Hall anamcharazia kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja-mbili-tatu-nne bila kuruka pigo, kwa sauti ndogo hata unasikia mkwaruzo wa nyuzi kuliko umeme. Kazi hiyo mpiga rithim yeyote wa bendi ya dansi anaijua, ila huyu hana ngoma ya kumwokoa akiteleza.

Sauti ile nayo ina sababu. Kwa miaka mingi Hall alipiga Gibson ES-175, gita lenye tumbo wazi, na ampilifaya aliiweka chini. Hapo mbao za gita husikika pamoja na spika, na mkono unapata nafasi ya kubonyeza au kubembeleza. Kwetu ni kinyume: ampilifaya juu, mkono mwoga. Tena gita la tumbo wazi ukilipandisha sauti karibu na spika linavuma lenyewe, maana tumbo linapokea mtikisiko wa spika na kuurudisha kwenye nyuzi.

Angalizo moja kuhusu Jazz Guitar ya 1957, albamu yake ya kwanza kama kiongozi. Alirekodi na piano ya Carl Perkins na besi ya Red Mitchell, basi. Toleo la baadaye liliongezewa drams za Larry Bunker, na baadhi ya nyimbo zikakatwa. Ukisikia drams, umepata lililochakachuliwa.

The Bridge ya mpiga saksafoni Sonny Rollins, 1962, ifuate: hakuna piano, Hall ndiye anayeibeba nafasi yake. Concierto, ya Hall mwenyewe, ya 1975 iacheni mwisho. Ni tamu, lakini yumo mpiga tarumbeta Chet Baker, na msikilizaji mgeni huishia kuifuata tarumbeta.

Msomaji wenu,
Mbeya