Kabla ya trekta, ghala: barua kwa mpwa wangu wa Malindi

Mpwa wangu, assalaam aleikum.

Nasikia kikundi chenu kinachangishana pesa za trekta. Nakuomba, anzeni na ghala. Masika yakinyesha vizuri, Magarini na kingo za Mto Sabaki mahindi huwapo mwezi wa nane. Njaa hubisha hodi baadaye, kwa sababu mavuno yameuzwa kwa madalali shambani kwa bei ya kutupa, kisha watu wananunua unga wa bara kwa bei ya dukani.

Piga hesabu ya nyumba moja. Wakila kilo mbili za unga kwa siku, gunia la kilo 90 ni siku 45. Januari hadi mwisho wa Julai yatakiwa magunia matano. Hayo wayaweke kwanza. Kinachozidi hayo na chakula cha Agosti hadi Desemba ndicho cha kuuzwa.

Sasa kuhifadhi, na hapa ndipo vikundi vingi vya Pwani hushindwa. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5. Yaanike juu ya turubai, wala si mchangani, tabaka lisizidi vidole vitatu, yageuzwe kila saa, na jioni yafunikwe mapema, maana hewa ya bahari huyarudishia maji usiku. Gunzi lenye ukungu litolewe kabla ya kupura. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 Ukambani na maeneo jirani.

Kama hamna kipima unyevu, chukueni chupa ya kioo iliyokauka, tieni vijiko vitatu vya chumvi kavu na mahindi hadi nusu, mtikise dakika tatu, kisha iacheni dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, msishangilie bado: anikeni siku moja zaidi.

Magunia yasiyopitisha hewa huwa na mfuko mmoja au mifuko miwili ya plastiki ndani. Kila mfuko usokotwe, ukunjwe na ufungwe peke yake. Humo dumuzi, mdudu mtoboa mahindi anayeitwa osama, hufa kwa kukosa hewa. Lakini tundu dogo tu la panya, au kufungua kila wiki kuchota, na kazi yote imeharibika. Mahindi ya mwezi huu yawekwe kando, kwenye ndoo. Na mahindi yakifungwa guniani kabla hayajakauka, yatachacha humo humo.

Msitegemee mahindi peke yake. Vuli pandeni pojo na kunde, zinawahi. Mihogo nayo ni akiba nzuri ardhini, ila vipando vitoke shamba lisilo na ugonjwa wa michirizi ya kahawia: majani huweza kupendeza na muhogo umeoza ndani. Kabla ya kukata vipando, ng'oeni mashina kadhaa, mkate mizizi vipande vipande muitazame.

Turubai na magunia myanunue kabla ya mwezi wa saba. Pesa zikipungua, punguzeni magunia, turubai zisipungue.