Mbwa wetu wanaendeleaje huko makwao

Wapendwa za jioni, jana nimezunguka kuwaona wale watatu walioenda kwa familia mpya na kwa kweli nimerudi na furaha sana. Simba, yule tuliyemtoa mtaroni kule Tegeta mbavu zote nje, sasa kanenepa, manyoya yamerudi yanang'aa, nimemkuta kalala barazani kichwa kakilaza juu ya ndala za bibi na bibi akinyanyuka tu kwenda jikoni na yeye huyoo nyuma. Anakula ugali wa dona na dagaa, sufuria analamba mpaka inatakata.

Pili bado anaogopa fagio jamani, akiliona tu anajikunyata uvunguni, huyu alipigwa sana, ila usiku sasa analala bila kulia na anakula mkononi kwa dada wa pale nyumbani, tumpe muda. Popo yuko poa, watoto hawambanduki.

Ila wote angalieni kadi za chanjo, ya kichaa cha mbwa inarudiwa kila mwaka, na kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maeneo mengi huwa wanachanja bure, ulizeni kwa afisa mifugo wa kata. Picha natuma sasa hivi.