Risala ya Kamati ya Maji ya Shule kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maji Duniani

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima, Naibu wa Chifu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, wazee, wazazi na wanafunzi: kwa heshima na taadhima tunawasalimu. Mheshimiwa, umeacha shughuli nyingi ukaja kukaa nasi chini ya mkwaju huu katika jua la Machi. Ahsante sana.

Historia tutaieleza kwa ufupi. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Chemchemi za Mzima ziko Magharibi. Mvua hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, ikazama katika miamba ya volkano, ikapita chini ya ardhi takriban kilomita 50 na kuibuka Mzima ikiwa imechujwa, safi kabisa. Ni zaidi ya lita milioni 200 kila siku, katika nchi kame kama hii yetu. Mna viboko na mamba, na chumba cha vioo kilichozamishwa majini, ambamo mgeni huwatazama samaki uso kwa uso. Katika ukame wa mwaka 2009 viboko wengi walikufa pale pale. Maji yalikuwepo; nyasi ndizo zilizokwisha.

Chama chetu cha wanafunzi cha kuhifadhi wanyamapori kimepiga hatua kubwa. Kimeanzisha msitu wa shule wa miarobaini, ambayo yote iliyo hai leo imekuzwa kwa maji yaliyokwisha kunawiwa mikono. Mwaka jana kilifanya ziara ya kihistoria Mzima kwenyewe. Huko, mwanafunzi wa Gredi ya 4 alitoa chupa mkobani, akainama ateke maji ampelekee nyanya yake. Askari wa mbuga akamzuia kwa ajili ya mamba, na alifanya vyema. Lakini mtoto yule alirudi na chupa tupu, na hilo ndilo linalotuleta kwenye jambo lenyewe.

Mheshimiwa, bomba la kupeleka maji ya Mzima hadi Mombasa lilianza kazi mwaka 1957. Linasafiri zaidi ya kilomita 200, na katika safari hiyo linapita nyuma ya uwanja wetu wa mpira. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Mombasa. Wao nao hulilia maji. Ila sisi tunaishi juu ya bomba na watoto wetu huja shule kila mmoja na kitabu mkono huu, kimtungi cha lita tano mkono huu. Asiyekuja na maji, mpishi hana la kumpikia. Akina mama huteka kwenye chemba ya valvu ya bomba hilo, inayovuja, alfajiri, kwa sababu usiku pale ni pa ndovu. Nao ndovu wamepajua kama tulivyopajua sisi. Hatutaki kungoja mpaka mmoja wetu akutane nao gizani.

Wewe si mgeni wa kwanza kulisikia ombi hili. Mgeni wetu wa kwanza alitwambia maji yatafika kabla ya muhula kwisha, tukampigia makofi. Wa pili alituletea watu wa kupima. Walichomeka vigingi vyenye rangi nyekundu kutoka bombani hadi jikoni, wakaaga. Vigingi vile vimeliwa na mchwa, tumebaki kuwaonyesha wadogo mahali viliposimama. Hatuyasemi haya kumlaumu mtu. Tunayasema ili ujue kwamba makofi ya wazazi hawa leo hayatakuwa mengi, na usidhani hawakuheshimu.

Hatukukaa tu. Wazazi wamechimba mtaro wote kwa majembe yao, wakifuata mstari wa vigingi vile vile. Jukwaa la zege la kuwekea matangi limekauka tangu mwaka juzi. Utaliona kulia kwako, watoto wamelikalia. Tunachoomba ni kuunganishwa na bomba kwa idhini halali, mita tutakayoilipia wenyewe kila mwezi, matangi mawili ya lita 10,000, na kioski kimoja nje ya eneo la shule ili kijiji nacho kiteke mchana. Vyoo, ua na maktaba tuna haja navyo sana, lakini leo tumeviacha nyumbani kwa makusudi, maji yasije yakapotea katikati ya maombi mengi.

Kitabu cha wageni kiko mezani mbele yako. Wageni waliotangulia waliandika maneno mazuri na kutia sahihi. Kwa unyenyekevu mkubwa, tunakuomba wewe utuandikie tarehe ambayo fundi atafika, na jina la ofisi tutakayoiendea siku hiyo ikipita.

Ni sisi wako,
Kamati ya Maji, kwa niaba ya wazazi na wanafunzi.