Naomba unitafutie kitabu cha zahanati

Mathare, Jumapili jioni

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, mabati bado yako juu, na Pasta hajatufukuza kwenye ukumbi wa kanisa tunamofundishia. Tangu TSC, tume ya kuajiri walimu, ikupeleke Ugenya kule Siaya umenyamaza kama bibi harusi. Haya, nimekusamehe, kwa sababu nina shida na wewe ndiwe uliye karibu nayo.

Unamkumbuka binti wa Mama Mitumba, yule aliyekuwa akiketi mlangoni ili kengele ikilia awe wa kwanza kwenda kumchukua mdogo wake? Yuko Gredi ya Sita sasa, na hesabu anazipiga hadi naogopa kuitwa ubaoni. Tatizo ni kwamba hana cheti cha kuzaliwa. Bila nambari ya cheti, mtandao wa wizara haumtambui, na usipomtambua, KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya Sita, atausikia kwa wenzake. Usajili unafungwa mwisho wa mwezi. Wale wa shule tunakosajilia watoto wetu wameniambia nisirudi tena na karatasi nusunusu.

Alizaliwa huko kwako, nyumbani kwa nyanya yake, kwa mkono wa mkunga. Naibu wa chifu ndiye angeandikisha. Hakuna aliyekwenda kwake, miezi sita ikapita, na sasa ni kuandikisha kwa kuchelewa: barua ya chifu, kitambulisho cha mama, kadi ya kliniki. Kadi ipo. Nimeishika leo, imekunjwa mara nne ndani ya karatasi ya nailoni. Ililoa kwenye mafuriko ya 2024. Chanjo zote zinasomeka na mwaka wa kuzaliwa unasomeka, ila tarehe imekuwa doa la buluu. Jina la mama nalo limeandikwa la kwao, na kitambulisho kina la mume. Yule mume mwenyewe, mimi na wewe tunajua habari zake, tuyaache.

Kuna watu huniuliza mbona nahangaika na shule hii ya mabati ilhali elimu ya msingi kwenye shule za serikali ni bure tangu 2003. Huwa nawaambia waende wakahesabu watoto kwenye dawati moja la shule ya serikali, halafu turudi tuzungumze. Wazazi wetu hulipa kidogokidogo, siku wakipata kibarua. Mwezi huu vibarua ni haba na mwalimu wa Gredi ya Pili ameanza kuniamkia kwa sauti ya mtu anayedai. Mvua nayo ikipiga bati hakuna anayesikia kitu, tunawapa kazi ya kuandika na kungoja. Kuhusu choo sitaki hata kuanza.

Lakini huyu binti. Mama yake hawezi kusafiri, akikosa siku mbili kazini nafasi inachukuliwa. Ndiyo maana nakuomba: pita kwenye zahanati iliyo karibu na kwa nyanya, uulize kitabu cha chanjo cha mwaka ule. Kama jina lake limo na tarehe imo, waombe wakuandikie barua na kuipiga muhuri. Kisha umwone naibu wa chifu. Nyanya atakwenda nawe, ingawa jiandae, ataongea njia nzima. Nimekuwekea nakala ya kadi na ya kitambulisho ndani ya bahasha hii.

Je, naibu wa chifu ni yuleyule wa zamani au wamembadilisha? Vitabu vya zahanati huwa wanavihifadhi kweli, au ndiyo vile vya kufungia karanga? Unaweza kwenda wiki hii, ama una zamu shuleni? Na shule yako mpya, ni kweli kila mtoto ana kitabu chake? Mwalimu mkuu anakusumbua? Yule jamaa wa pikipiki alifika kwenu na ng'ombe au bado anapiga hesabu?

Ukipata tarehe tu, hata kabla ya muhuri, nibipu. Nitakupigia saa hiyohiyo.

Wako,
Mwalimu wa Mabati